Kwa nini wasimgundishe tu mdogo wangu taya?

Dada mmoja kaniandikia, nalifupisha swali lake: "Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 24, kaanguka na pikipiki siku nne zilizopita. Taya la chini limekatika karibu na kidevu upande wa kushoto, alafu mfupa wa shavu upande huo huo umebonyea. Madaktari wanasema atawekewa pleti nne za chuma na skrubu. Mimi nimesoma kwamba kuna gundi ya hospitali inayobandika ngozi na hata mifupa ya uso. Sasa kwa nini wasimgundishe tu yaishe, badala ya kumjaza vyuma usoni maisha yake yote?"

Marahaba dada, na pole sana kwa kuuguza. Nakupa jibu fupi kabisa usije ukasoma yote haya roho iko juu: hiyo gundi ipo kweli, inafanya kazi kweli, na kuna mifupa ya uso ambayo mimi mwenyewe ningeigundisha. Ila hiyo miwili ya mdogo wako haimo, hasa taya. Madaktari wake wako sawa. Sasa tulia nikueleze sababu, mana ukishaielewa hata hizo pleti hazitakutisha tena.

Tuanze na gundi yenyewe. Mtu akisema gundi ya hospitali anaweza kuwa anamaanisha vitu viwili tofauti kabisa. Cha kwanza ni ndugu wa damu wa supaglu, ile ile unayobandikia soli ya kiatu, familia yao inaitwa sianoakrileti. Hii ilizaliwa kwa bahati mbaya. Mwaka 1942 huko Marekani mkemia anaitwa Harry Coover na wenzake walikuwa wanatafuta plastiki angavu ya kutengenezea vifaa vya kulengea shabaha kwenye bunduki, wakapata kitu kinachonata kila kinapogusa, wakakiona kero wakakiweka pembeni. 1951 wakakutana nacho tena kwenye utafiti mwingine, safari hii kikabandika vioo viwili vya kipimo cha maabara vikagoma kuachana, na ndo hapo Coover akashtuka kwamba kumbe kero yenyewe ndo bidhaa. 1958 ikaingia sokoni. Kwenye vita ya Vietnam madaktari wa jeshi wakawa wanaipuliza juu ya majeraha kuzuia damu mpaka majeruhi afike hospitali, kwa hiyo wazo la kuitia mwilini sio la jana.

Ndani ya chupa ni maji maji tu, molekuli zimekaa kila moja kivyake. Kinachoziamsha ni unyevu. Zikigusa unyevu hata ule mdogo wa kwenye kidole chako zinaanza kushikana, ya kwanza inamshika ya pili, ya pili ya tatu, mnyororo unakimbia na ndani ya sekunde chache una plastiki ngumu, na wakati zinashikana zinatoa joto. Ukiweka tone jembamba hulisikii hilo joto. Ukimwaga nyingi kwa pamoja inaunguza, na ikikauka kwa unene huo inakuwa kavu inayovunjika kirahisi. Watu wengi wanadhani ukitaka ishike zaidi ongeza gundi, kumbe ni kinyume chake, kadiri ilivyo nyembamba ndo inavyoshika.

Tofauti ya supaglu ya dukani na ile ya hospitali ipo kwenye mkia wa molekuli. Zenye mkia mfupi, methaili na ethaili, zikikaa ndani ya mwili zinavunjika haraka, na zikivunjika zinatoa fomaldehaidi, ndio, ile ile ya kuhifadhia maiti, kwa kasi ambayo nyama ya hapo inawaka moto na kufa. Zenye mkia mrefu, butaili yenye kaboni nne na oktaili yenye nane, zinavunjika pole pole sana, sumu inatoka kidogo kidogo na mwili unaimudu. Hizo mbili ndo unazikuta kwenye vyumba vya dharura kufungia mipasuko midogo ya ngozi ya mtoto aliyegonga meza. Ya butaili imetumika muda mrefu Ulaya na Kanada, na 1998 Marekani wakapitisha ya oktaili. Ila angalia kibali kinasema nini: kufunga ngozi, kwa juu. Daktari akiitia kwenye mfupa kwenye nchi nyingi anakuwa ametoka nje ya maandishi ya kibali, sio kosa, tunafanya hivyo na dawa nyingi, lakini lazima awe na sababu na lazima mgonjwa aambiwe.

Aina ya pili ni fibrini, hii haina undugu wowote na supaglu. Ni mwigo wa damu inavyoganda. Bomba mbili za sindano, moja ina fibrinojeni nyingine ina thrombini, zikikutana mdomoni mwa sindano zinatengeneza utelezi unaoganda kama bonge la damu lisilo na rangi nyekundu. Mwili unaipenda, inayeyuka yenyewe, haiachi sumu. Ila nguvu yake ndogo mno. Inafaa kuziba maji ya ubongo yanayovuja kwenye utando, kulaza ngozi iliyopandikizwa, au kukusanya punje punje za mfupa wa kupandikiza zisisambae, kushikilia taya haiwezi hata kidogo, ni kama kufunga lango kwa uzi wa kushonea. Kwa hiyo nikisema gundi kuanzia hapa nina maana ile ya kwanza, butaili na wenzake.

Sasa tuje kwenye mfupa, na hapa ndo penye utamu.

Kikombe kikivunjika ukikibandika, gundi ndo inakuwa kiungo, siku zote. Gundi ikiachia kikombe kimevunjika tena. Mfupa hauko hivyo. Mfupa hauungwi na daktari dada, mfupa unajiunga wenyewe. Pale ulipokatika damu inavuja inaganda, ndani ya lile bonge mishipa midogo ya damu inaota kutoka upande huu kwenda ule, seli zinafuata, zinaweka kwanza kitu laini alafu kigumu, na wiki kama sita baadae taya linakuwa na nguvu ya kutosha kurudi kazini. Vipande vikikaa karibu sana, chini ya milimita moja, na vikatulia, mfupa unapita moja kwa moja bila hata kutengeneza lile bonge kubwa la nje. Kazi yetu sisi ni mbili tu, kurudisha kila kipande mahali pake, na kuhakikisha hakitikisiki mpaka mwili umalize. Pleti, waya, skrubu, plasta ya mguu, vyote ni mashikizo ya muda.

Haya, chukua gundi uipake kwenye uso wote wa mfupa uliokatika, ubananishe. Vipande vimekaa vizuri, vimetulia, unafurahi. Lakini kati ya kipande na kipande umeweka ukuta wa plastiki. Mshipa wa damu hauwezi kuota kupita plastiki, seli haziwezi kuvuka. Na kwa sababu ni ya mkia mrefu, ile tuliyoichagua kwa kuwa haina sumu ya haraka, ukuta huo unakaa miezi na miezi, seli za ulinzi zinakuja kuuzingira kama zinavyozingira mwiba. Umeona mtego ulipo? Ukigundisha vizuri zaidi ndo mfupa unaunga vibaya zaidi. Kitu kile kile kinachoushika ndo kinachouzuia.

Njia ya kutoka ipo, watu walishaigundua kwenye majaribio ya sungura na wanyama wengine: usipake kwenye ufa, weka vitone kwa nje, kwenye ukingo, sehemu mbili tatu, ufa wenyewe ubaki wazi damu ipite. Wengine wanatumia gundi kubandikia pleti nyembamba juu ya mfupa badala ya skrubu, nalo wazo zuri. Lakini ukiweka vitone eneo la kushika limekuwa dogo, na eneo likiwa dogo nguvu imepungua. Kwa hiyo swali lote la gundi kwenye mifupa ya uso linabaki kwenye jambo moja: mfupa huu unabebeshwa mzigo gani?

Taya la chini linabeba mzigo mkubwa kuliko mfupa wowote wa uso. Mtu mzima mwenye afya aking'ata kwa magego anaweza kutoa nguvu kama nyutoni 300 mpaka 700, yani kama umemwekea mzigo wa kilo 30 mpaka 70 juu ya jino. Kweli mtu aliyevunjika taya hang'ati hivyo, maumivu hayamruhusu na nguvu yake inashuka kwa wiki kadhaa, ila misuli haijalala, anameza mate, anasaga meno usingizini, anapiga chafya. Na shida sio ukubwa wa nguvu peke yake, ni mwelekeo. Taya limekaa kama kwato la farasi limening'inizwa kwa pande mbili mbele ya masikio. Akibana kitu kwa meno ya mbele ukingo wa juu wa ufa unavutwa ufunguke na ule wa chini unabanwa. Karibu na kidevu ndo kubaya zaidi, pale taya linajinyonga pia, kipande hiki kinazunguka huku na kile kule, kama unavyokamua nguo.

Gundi hii inapenda kuvutwa moja kwa moja, inachukia kukunjwa na kubanduliwa. Kama una kikombe ulichowahi kubandika mpini jaribu: ukikiinua taratibu kwa mpini kinainuka hata kikiwa kimejaa, lakini gonga ule mpini kwa ubavu na kidole tu, tak, umebaki nao mkononi. Taya linagongwa kwa ubavu siku nzima.

Hii ndo sababu ya hesabu ya pleti za mdogo wako. Mfaransa anaitwa Michelet alionyesha mwaka 1973 kwamba pleti ndogo ndogo zinatosha kwenye taya, alafu Champy na wenzake wa Strasbourg wakaja 1978 na ramani ya wapi hasa taya linavutwa. Nyuma ya tundu la neva ya mdomo, kile kitundu cha kwenye taya ambapo neva hiyo inatokea, pleti moja inatosha, lakini mbele, huku kwenye kidevu, unahitaji mbili, moja juu ya nyingine, sababu ya kule kujinyonga. Kwa hiyo mbili za taya hizo. Mbili nyingine bila shaka ni za shavu, moja pembeni ya nyusi na moja ndani ya mdomo juu ya magego, japo sijaona picha zake, daktari wake anaweza kuwa na mpango mwingine.

Kabla ya hizo pleti unajua walikuwa wanafanyaje? Walifunga meno ya juu na ya chini kwa waya, mgonjwa anakaa mdomo umefungwa wiki sita, anakula kwa mrija tu. Bado tunafanya hivyo kwa baadhi ya wagonjwa. Ukimwambia mtu aliyepitia hayo kwamba pleti ni balaa atakushangaa.

Alafu mdomo ni bwawa. Mvunjiko wowote unaopita kwenye tundu la jino tunauhesabu ni kidonda kilicho wazi hata kama ngozi ya nje haina mkwaruzo, mana mate na bakteria wake wanateremka mpaka kwenye ufa. Gundi inaamshwa na unyevu, si ndio? Sasa ukiitia mahali pana mate na damu inaganda kabla haijafika kwenye mfupa wenyewe, inashika damu, haishiki mfupa. Ndani ya mfupa kuna mafuta pia, nayo hayapendani na gundi. Ukipata hali ya namna hii una kipande cha plastiki kisichoshika kitu, kimezungukwa na bakteria, ndani ya taya. Hiyo inaitwa usaha unaosubiri tarehe.

Hili limeshatokea, na kwa watu makini. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Marekani walikuja na povu la polyurethani la kujaza ndani ya mfupa uliovunjika, likatangazwa kwa shangwe kwamba plasta na vyuma basi tena. Haikuchukua miaka mingi likaachwa, maambukizi na mifupa isiyounga vililimaliza. Na nyuma zaidi, karibu na 1890, Themistocles Gluck pale Berlin alikuwa anapachika viungo vya pembe za ndovu kwa mchanganyiko wa utomvu na plasta. Kwa hiyo dada ujue swali lako lina zaidi ya miaka mia moja na waliolijaribu hawakuwa wajinga.

Shavu ni kesi ya katikati. Mfupa wa shavu ni moja ya nguzo za uso, na kuna msuli mnene wa kutafunia umeanzia hapo hapo unauvuta kwenda chini kila akitafuna. Ukishaurudisha unaweza kukaa wenyewe kama umebana vizuri, kuna mashavu tunayainua kwa ndoano na kuyaacha bila pleti wala nini. Kuna waliojaribu gundi hapo na wakapata matokeo ya kuridhisha kwa wagonjwa wachache wachache. Mimi? Kama tayari nimefungua na naona mfupa naweka pleti, mana shavu likishuka milimita tatu jicho linashuka nalo na mtu anaanza kuona vitu viwili viwili.

Sasa wapi ningeigundisha? Paji la uso. Katikati ya paji, juu kidogo ya nyusi, kuna chumba cha hewa ndani ya mfupa, na ukuta wake wa mbele haubebi mzigo wowote, hakuna msuli wa kutafunia hapo, hakuna mate. Mtu akipigwa hapo na kitu kizito ule ukuta unapasuka kama ganda la yai, vipande saba, nane, kingine kidogo kama kucha ya kidole cha mwisho. Skrubu ndogo kabisa ukiipeleka kwenye kipande kama hicho inakipasua tena. Ngozi tunaikata juu ndani ya nywele kutoka sikio hadi sikio, tunaikunja mbele kama pazia, alafu vipande tunavitoa kimoja kimoja tunavipanga juu ya gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, iliyoloweshwa maji ya chumvi, kila kimoja kikiwa upande wake kama vile vilivyokuwa kichwani, na kuanzia hapo hakuna mtu anaruhusiwa kuigusa hiyo meza, hata kupita karibu nayo. Unakausha kingo mbili kwa gozi, unazikutanisha, unaangalia ule utando wa ndani usibanwe katikati mana ukibanwa unaweza kuja kutengeneza uvimbe wa kamasi miaka mbele, alafu tone moja kutoka kwenye sindano nyembamba kabisa, kwa nje, kwenye ukingo. Unashika. Unahesabu mpaka sitini. Hakuna anayeongea. Unaachia, kimeshika, unaenda kipande kinachofuata, na mwisho unakuwa na kofia moja nzima unaipachika kwenye tundu lake, pengine na pleti moja ndogo ya kuisimamisha. Ni kazi tamu. Nimewahi kuacha ncha ya glavu yangu imenata kwenye paji la mgonjwa ikabidi tuikate na mkasi chumba kizima kikicheka, kwa hiyo usidhani ni kazi rahisi pia.

Sehemu nyingine ni kuta za ndani za tundu la jicho ambazo unene wake haufiki hata nusu milimita, na vipande vidogo vya pua. Na watoto. Mtoto taya lake limejaa vichipukizi vya meno ya ukubwani, unapopeleka skrubu hujui utamtoboa jino gani ambalo lilikuwa litoke akiwa darasa la sita. Fuvu lake nalo linakua, mfupa unajijenga kwa nje na kumezwa kwa ndani, chuma ulichokiweka juu miaka baadae unakikuta kimehamia ndani. Kwa hiyo kwa watoto tunatumia zaidi pleti zinazoyeyuka, zinaisha mwilini ndani ya mwaka mmoja au miwili hivi, na ndo huko gundi inatazamwa kwa hamu, kuibandika pleti inayoyeyuka bila kutoboa kitu. Ila usisahau kwamba ushahidi tulionao ni wanyama na vikundi vidogo vya wagonjwa, mtu asikuuzie kama jambo lililokwisha.

Utaona labda habari za gundi mpya pia. Kuna mnyoo wa baharini anajijengea nyumba kwa kubandika punje za mchanga moja moja chini ya maji, ndani ya maji kabisa, na gundi yake imejaa fosfati zinazong'ang'ania madini. Mfupa nao ni madini ya kalsiamu na fosfati, kwa hiyo watafiti wakapata wazo, wakachukua unga wa kalsiamu fosfati wakauchanganya na asidi amino ya aina ile ile, inatoka simenti inayonata kwenye mfupa ulio na damu na, hili ndo la maana, mwili unaila taratibu na kuweka mfupa mahali pake. Yani inaondoa ule mtego niliokueleza. Hapo ndo mimi nimeweka matumaini yangu, sio kwenye supaglu. Ila kwa taya la mtu mzima anayesubiri kufanyiwa upasuaji wiki hii bado sio kitu cha kwenda kukiulizia dirishani.

Kuhusu vyuma usoni maisha yote. Pleti hizo ni titaniamu, unene wake kwenye shavu ni kama milimita moja au chini ya hapo, mwili unazizoea na mfupa unakua mpaka unaukumbatia uso wa skrubu. Haishikwi na sumaku, kwa hiyo siku akihitaji kipimo cha emarai (MRI), ile mashine ya sumaku kubwa, ataingia, amwambie tu mpimaji kwamba anazo, picha inaweza kuwa na kivuli pale pale zilipo. Kwenye mashine za uwanja wa ndege kwa kawaida hazilii. Wengi wanakaa nazo wanazisahau. Zinatolewa kama zimeleta maambukizi, zimetokeza kwenye fizi, skrubu imelegea, au mtu anaisikia kwa kidole na inamkera. Na kinachochangia sana pleti ya taya kuharibika sio chuma, ni sigara na uchafu wa mdomo. Kama anavuta hebu mkazanie hapo dada, kwa ukali wa kidada kabisa.

Sasa kuna jambo nilitaka nisiliseme ila naona lazima. Usije mtu nyumbani akapata wazo la kutumia supaglu ya dukani. Nilimpokea kijana alianguka akapasuka chini ya kidevu, rafiki yake akamfunga na supaglu, na kusema kweli ilifunga vizuri, mstari umenyooka. Siku ya tano akaja kidevu kimevimba kama ndimu, ndani kulikuwa na mchanga na usaha vimefungiwa humo humo, na ngozi ya pembeni imeungua. Lakini hiyo haikuwa shida kubwa. Nilipomwambia afungue mdomo kidevu kilikwenda upande. Ukipigwa kidevu kwa chini nguvu inapanda mpaka juu, kile kichwa cha taya kilicho mbele ya sikio ndo kinakatika, na hakuna aliyemwangalia huko kwa sababu kidonda kilikuwa kimefungwa, kinaonekana kimepona. Na ikiingia jichoni usivute kope wala usitie asetoni, loweka kwa maji ya uvuguvugu na uende hospitali.

Kwa mdogo wako sasa hivi. Muulize daktari wake kama meno yatakutana kama zamani na ataangaliaje hilo akiwa kwenye meza ya upasuaji, hilo ndo swali kubwa kuliko idadi ya pleti. Muulize kuhusu neva, kwa sababu mvunjiko wa hapo uko jirani na neva ya mdomo wa chini na ya shavu. Kama mdomo au shavu lina ganzi tayari kabla ya upasuaji hakikisha limeandikwa kwenye faili leo, mana ganzi ikiwepo kabla mara nyingi inatoka na ajali na huchukua miezi kurudi, na baadae watu wanagombana nani kaisababisha. Muulize mkato utapita wapi, kwa taya mara nyingi ni ndani ya mdomo hakuna kovu la kuonekana. Ukitaka kumuuliza na habari za gundi muulize tu, hatakasirika, na pengine ngozi ya juu kama kuna mkato mdogo atakuambia hiyo ndo ataigundisha. Akiigundisha usimpake mafuta wala jeli hapo juu, yanailainisha inabanduka kabla ya wakati, iache yenyewe inadondoka kwenye siku tano mpaka kumi.

Siku nne sio kuchelewa, ila taya lisisubirishwe bila sababu, na shavu lisivuke wiki mbili hivi mana likianza kushika vibaya inabidi livunjwe upya. Mpaka siku hiyo ale vitu laini tu visivyohitaji kutafuna, asukutue kwa maji ya chumvi kila baada ya kula, alale kichwa kimeinuka. Na asipenge kamasi, hata kama pua inamkera vipi, hewa inapita kwenye ufa wa shavu inaingia chini ya ngozi, jicho linavimba ghafla unashtuka. Akipiga chafya afungue mdomo.

Akianza kuona vitu viwili viwili, au pua ikitoa maji meupe kama maji ya kunywa yasiyokata, au jicho likauma sana likatokeza na kupunguza kuona, usisubiri zamu ya asubuhi, mpeleke usiku huo huo.